Refa na Kanuni ya Utani

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nalitanguliza kwa sababu najijua: nikianza na habari za nyumbani nitajaza ukurasa mzima kwa adabu, kisha nifunge bahasha bila kulisema. Neno lenyewe ni hili. Babu hanijui mimi ni nani.

Haya, sasa naweza kukuuliza hali. Hujambo? Yule jirani yako wa ghorofa ya juu bado anaburuta viti? Sisi wazima. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule, kwa hiyo sebule imejaa vitambaa vya bluu, na juzi Baba alikalia pini akaruka kwa kasi ambayo Babu alisema angeipata ujanani angechezea timu ya taifa. Mimi nimeshika nafasi ya pili darasani. Mwalimu wa Kiswahili anasema kuandika najua, sasa nijifunze kusikika, maana akiniuliza kitu mbele ya watu jibu hunifia mdomoni. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Tena simu iko sebuleni, na sebuleni yuko Baba.

Unajua mwenyewe kwamba Babu, refa wa mpira maisha yake yote, hajawahi kumwita mtu jina alilopewa na wazazi wake. Baba ni Golikipa kwa sababu hapitishi kitu. Mama ni Kamisaa, msimamizi wa mechi zote za nyumbani. Wewe ni Mheshimiwa. Mimi ni Bi Mdogo, mke wake mdogo, tangu siku niliyozaliwa, na Bibi alipokuwa hai alikuwa akijifanya kunionea wivu na kuninyang'anya kiti. Utani wa babu na mjukuu, nani asiyeujua?

Mwezi uliopita nilirudi kutoka shule nikamkuta peke yake kibarazani. Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba, akasema, "Karibu, binti. Wenyewe hawajarudi."

Nikamwambia, "Babu, ni mimi."

Akaangalia sare yangu, akaangalia begi, akarudi usoni. Nilimwona akitafuta. Kisha uso ukafunguka: "Aa, Bi Mdogo! Umenichelewesha chakula, nitakupa talaka." Akacheka, nami nikacheka. Lakini nilishaona. Jina lile angeweza kumpa msichana yeyote aliyepita mlangoni na sare.

Wiki iliyopita ndipo wakaja watu wa utafiti wenu. Nilifurahi mno. Nilisoma kile kijitabu chenu hadi nikakikariri: hospitali na vyuo vya nchi nzima vimekubaliana kuuliza wazee maswali yaleyale, kupima damu kwa namna moja, na kuweka majibu katika chungu kimoja, ili ijulikane ugonjwa wa kusahau unaanzaje, unazuilikaje na unatibikaje. Nikasema, hatimaye, wataona.

Kijana mwenye kishikwambi akauliza, "Mzee, leo ni siku gani?"

"Siku ya mechi. Kwani wewe umekuja bila viatu?"

"Na mwaka huu ni mwaka gani?"

"Mwaka uliozaliwa wewe nilikuwa nimeshawatoa nje watu wakubwa kuliko wewe."

"Na huyu binti ni nani wako?"

"Mke wangu. Usimkodolee macho, kadi iko mfukoni."

Kijana alicheka mpaka akavua miwani. Baba alipoulizwa, kama ndugu anayeishi naye, alisema, "Huyu? Anatushinda sote." Wakaandika kwamba Babu ni mzima, wataonana baada ya miaka miwili.

Shangazi, kundi la wale ambao ugonjwa ndiyo kwanza unawaanza, wanaopewa dawa za majaribio na kufuatiliwa kila mwezi, linafungwa mwisho wa Juni. Baada ya miaka miwili hatutakuwa na Babu wa kuanza. Wewe unafanya kazi hapo hapo makao makuu. Waambie warudi.

Wako,
Bi Mdogo


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta na mafua, na jirani wa juu sasa amenunua meza, kwa hiyo anaburuta vyote. Mpe Kamisaa pole ya pini, au tuseme pole ni ya mwenye kukalia. Nafasi ya pili si haba. Huyo wa kwanza anakula nini?

Nimesoma habari za Babu yako mara nyingi. Nikuulize, umemfahamu miaka mingapi? Mimi namfahamu tangu nikiwa kitandani nalia. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya wakwe akapuliza kipenga na kusema mchezo hauanzi mpaka bwana harusi akaguliwe kucha. Mtu akikaa mwenyewe kibarazani na usingizi wa alasiri, akapitiwa kidogo, si ajabu.

Tena kuna kitu hukijui. Mwaka wa kwanza wa utafiti huu tuligundua kwamba wazee wengi waliandikwa wagonjwa ilhali akili zao zinakata kama wembe. Kisa? Utani. Kijana wa miaka ishirini na tano anamuuliza bibi kizee, "Leo ni siku gani?" Bibi anamjibu, "Siku yetu ya posa, umekuja na wazee?" Kijana anaweka alama ya kosa. Maswali yale yalitungwa na watu ambao hawajawahi kutaniwa na bibi zao. Nilisimama mbele ya maprofesa wa vyuo vyote, mimi mpangaji wa takwimu tu, nikawaambia: mzee anayetania hajakosea, amekataa kuhojiwa kama mtoto. Walibishana siku nzima. Mwishowe wakaandika kanuni: jibu la utani lisihesabiwe kosa. Kila kituo nchini kinaifuata. Ndicho kitu pekee nilichokifanya hapa ninachojivunia bila haya.

Kwa hiyo kijana yule alifanya alivyofundishwa. Na mimi sheria hainiruhusu kugusa faili la ndugu yangu, achilia mbali la baba yangu.

Soma masomo yako. Usimtazame Babu kama karatasi ya mtihani. Nilizungumza naye Jumapili, alicheka sana.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nafikiri mafua yamekwisha. Huku mvua imeanza, bati la jikoni limefumuka, na Baba amepanda kulipiga misumari huku Babu akiwa chini anampigia kipenga kila akikosea. Sare zimekwisha kushonwa. Wa kwanza darasani anakula kama sisi, ila hana aibu.

Majibu yako nimeyasoma vizuri na nimeyakataa. Naomba radhi kwa neno hilo. Nimejaribu kutafuta lenye adabu zaidi nikakosa.

Kanuni yako ni ya haki. Nimeipenda. Ningekuwepo siku ile ningekupigia makofi, kimoyomoyo lakini. Ila ina tundu, na Babu amepita humo humo. Nitakueleza nilivyojua.

Yule mkunga mstaafu wa nyumba ya pili, unayemjua, ni rika la Babu na utani wake unachoma kuliko wa Babu. Nilikwenda kumsaidia kuanua nguo nikamuuliza, "Bibi, mimi ni nani?" Akasema, "Mwizi wa waume za watu." Nikacheka. Kisha nikamuuliza tena, taratibu. Akashika kiuno: "Mtoto wa Golikipa wewe, uliyezaliwa mikononi mwangu ukiwa umetanguliza mguu. Umejigonga kichwa?"

Nikaenda kwa Babu. "Babu, mimi ni nani?" "Mke wangu mdogo, na nitakupa talaka." Nikacheka. Nikauliza tena. "Mke wangu mdogo, na nitakupa talaka." Neno kwa neno, Shangazi, na kicheko kilekile mahali palepale. Nikauliza mara ya tatu, na hilo ninalijutia. Aliinuka akaingia chumbani akafunga mlango, na chakula cha mchana hakula nasi.

Mkunga anaingia kwenye utani na kutoka anapotaka. Babu yuko ndani na mlango umefungwa, anatusemesha kupitia dirishani, na sisi tunafurahi kwamba ana sauti nzuri.

Sitaki mwifute kanuni. Ongezeni maneno manne tu: cheka, kisha uliza tena. Mzee mzima atajibu mara ya pili, au atamtukana muulizaji, yote sawa. Anayejificha atarudia mzaha. Nakijua kijitabu chenu, sioni mahali panapokataza.

Unasema nisimtazame kama mtihani. Nani anamtazama, basi? Mimi sikubali tuendelee kucheka mpaka aishe. Ugonjwa huu umeingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi, na watu wazima mnauletea kiti.

Swali moja. Jumapili ile uliyozungumza naye, alikuita nani?

Bi Mdogo


18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Sijapata majibu, na karani wa posta ameanza kunijua kwa sura.

Tumeshacheka. Sasa nauliza tena: alikuita nani?

Bi Mdogo


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kimya. Ningesema nilikuwa na kazi nyingi, lakini wewe ungeniuliza mara ya pili.

Aliniita Mheshimiwa, kama siku zote. Tukacheka. Kisha akasema, "Mheshimiwa, binti yangu wa mwisho anafanya kazi huko huko kwenu. Unamfahamu?"

Nikamwambia namfahamu.

Akasema, "Msalimie. Mwambie asiwe anakaa na njaa kwa ajili ya kazi."

Nikakata simu nikajiambia Refa ananitania. Nilijiambia hivyo hadi barua yako ya pili ilipofika, na baada ya kufika pia. Mwezi wa nne tulikuwa na kikao cha vituo vyote, nikakaa kiti cha nyuma nikiandika mambo ya maana bila kuyasikia. Nikarudi nyumbani nikakuta ile ya mistari mitatu. Ulifundishwa na nani kuwa mkatili namna hiyo? Usinijibu, namjua.

Jumatatu iliyopita walikutana tena, nikaomba nafasi. Niliwaambia kanuni yangu ina tundu na baba yangu mwenyewe amepitia humo. Mwenyekiti wetu, profesa mmoja mwenye sauti ya radi, akasema, "Dada, miaka miwili iliyopita ulitugombeza mpaka tukaijenga nyumba hii. Leo umekuja na nyundo?" Nikamwambia sikuja kubomoa, nimekuja kuongeza maneno manne. Akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya mtu wa kidato cha tatu ambaye mwalimu wake anadai hasikiki. Ukumbi ulicheka. Kisha daktari wa hospitali moja ya mbali huko, mama ambaye huwa hazungumzi vikaoni, akasema, "Sasa tumecheka. Hebu tumuulize tena." Wakaniuliza, nikaeleza upya kuanzia mwanzo, bila kupamba.

Imepita. Kila mzee nchini ambaye majibu yake yaliwekewa alama ya utani atatembelewa upya kabla kundi halijafungwa. Ni mamia. Madereva wananichukia.

Kwa kuwa nimetangaza kwamba mmoja wao ni baba yangu, wamenitoa kwenye takwimu. Nimehamishiwa chumba cha kuandaa mafunzo ya wahojaji, dirisha lake linatazama ukuta. Majibu ya utafiti nitayasoma siku yatakapotangazwa, kama mtu mwingine yeyote. Sikulalamika. Nililia kidogo chooni, nikarudi.

Lakini sikiliza. Mwenye kukubali au kukataa ni Babu mwenyewe. Si wewe, si Golikipa, si mimi. Ukimburuta nitakuwa upande wake. Na yule ndugu wa kumjibia lazima awe mtu mzima anayeishi naye, maana yake ni Baba yako, na Golikipa unamjua.

Hawaahidi kuponya. Usimwambie Babu kitu ambacho hata sisi hatujui.

Mwenye kukupenda,
Shangazi


27 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa dirisha. Mama anakusalimu, anasema ukuta nao unaweza kupakwa rangi. Bati halivuji tena. Nakueleza yaliyotokea leo kwa mpangilio, kwa sababu nikianza kuyafikiria sitaandika.

Jumamosi nilikaa na Babu kibarazani asubuhi, saa ambazo huwa yuko vizuri. Sikumuuliza mimi ni nani. Nilimwambia watu wa utafiti wanataka kurudi, kwamba safari hii hawatatosheka na mzaha, na kwamba akikataa nitawaambia wasije. Nikamwambia nadhani anasahau. Nilisema neno hilo nikimtazama miguu.

Kisha akasema, "Nikitania, mnacheka. Mkiacha kucheka mtanihurumia. Unajua refa anayehurumiwa anakuwaje?"

Nikasema sijui.

"Watu wanaanza kumsaidia kuamua." Akachezea kipenga chake. "Waje. Lakini sitawarahisishia."

Leo asubuhi wakaja, mama mmoja na kijana yule yule wa miwani. Baba alisimama mlangoni kwa upana wake wote. "Mlishakuja. Mlisema mzee ni mzima. Mnatafuta nini tena, mpaka mkipate?"

Mama yule akaanza kueleza, Baba akamkatiza. Mimi nilikuwa nyuma yake nimevaa sare tayari, kwa sababu leo tulikuwa na mtihani wa jiografia. Nikasema, "Baba, hawajaja kukuuliza wewe." Ilitoka kwa sauti. Baba aligeuka kuona ni nani mwingine yumo ndani ya nyumba. Nikasema, "Babu amekubali. Muulize." Babu akaita kutoka sebuleni, "Golikipa! Toka golini, wapige penalti yao." Baba akasogea.

Hakuwarahisishia. Sijawahi kumsikia Babu akitania vile. Yule mama alimuuliza siku, akapewa kadi ya njano. Alimuuliza mwaka, Babu akamuuliza umri wake na kama mumewe anaujua. Kijana alikuwa anakunja midomo asicheke, Mama alicheka kule jikoni, Baba alicheka mlangoni. Ilichekesha kweli, Shangazi. Kisha mama yule akaninyooshea kidole: "Na huyu?"

"Huyu mke wangu mdogo, na nitampa talaka."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa mbele yake, magoti yetu yanakaribia kugusana, na sikucheka. Alinitazama akingoja. Ilikuwa kama kumwacha mtu na mkono aliokwisha kuunyoosha. Vicheko vikaisha kimoja kimoja.

Mama yule akasema taratibu, "Mzee, umetuchekesha. Sasa nakuuliza tena. Huyu ni nani wako?"

Babu akanitazama usoni, muda mrefu, bila haraka. Akakaa wima kama yuko katikati ya uwanja.

"Simjui," akasema. "Lakini ni wa kwangu. Hilo andika."

Kijana aliandika. Nilimwona akiandika yote mawili.

Kisha wakamgeukia Baba na maswali ya ndugu. Je, mzee anapotea njia? Baba akasema hapana. Anasahau kula? Hapana. Nikajua imekwisha. Wakauliza, anavaa mwenyewe?

Baba akalitazama shati la Babu. Nikadhani hajasikia. Kisha akasema, akiangalia sakafu, "Vifungo namfunga mimi. Asubuhi, kabla hawa hawajaamka. Tangu mwaka jana." Akafuta uso kwa kiganja. "Rudini nyuma kwenye lile la njia. Nilijibu vibaya."

Kwa hiyo nilikuwa nimekosea mimi pia. Nilidhani ninajua peke yangu.

Walijibu yote. Damu ya Babu ikachukuliwa, shinikizo la damu likapimwa, liko juu, na masikio yakapimwa pia, kumbe la kushoto karibu halisikii kabisa. Wanasema la sikio na la shinikizo yanaweza kushughulikiwa mara moja, na hayo mawili peke yake huenda yakampunguzia mzigo. Ameingizwa kwenye kundi la matibabu, siku tatu kabla ya kufungwa. Dawa huenda ikawa ya kweli au ya bandia, hawatatuambia, na ndivyo inavyotakiwa. Atakwenda hospitali kila mwezi. Baba atampeleka. Niliuliza kama na mimi naweza kwenda, wakasema naweza, ila sitajibu chochote mpaka nifike umri. Nikawaambia nitafika.

Walipoondoka Babu alikuwa amechoka. Alimuomba Baba amfungue kifungo cha shingoni, mbele yetu, na Baba akamfungua.

Nilichukua begi nikaenda shule kwa miguu. Mtihani ulikuwa umebaki nusu. Msimamizi akaniuliza nilikuwa wapi, darasa zima likageuka, nikamwambia nilikuwa nyumbani na Babu yangu ambaye ni mgonjwa wa kusahau. Akanipa karatasi. Nikaanza na swali la tatu, kwa sababu lilikuwa na ramani.

Bi Mdogo